Shujaa wa Chumba cha Vidonda

Kutoka Chunya hadi Kagoma nilibadilisha mabasi mara nyingi kiasi kwamba begi langu lilichakaa zaidi njiani kuliko miaka yote niliyokaa machimboni. Mbeya nililala stendi. Karibu na Singida basi lilikufa, tukashushwa juani, na utingo akatuambia ni kitu kidogo, maneno ambayo utingo huyasema hata injini ikiwa imelala barabarani mbele ya macho yenu. Kahama nilikula wali wenye mawe. Kuanzia Runzewe sikusinzia tena. Nilikuwa nimejiahidi kwamba mgomba wa kwanza wa kwetu nitauona kwa macho yangu, na nilipouona, baada ya msitu wa Biharamulo kuisha, nilimgusa bega jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyekuwa na kuku kwenye kikapu, nikamwonyesha. Akatazama. Akasema, "Ni mgomba." Akarudi kulala.

Laiti ningemsikiliza mama yule. Ulikuwa mgomba tu.

Mtu anayehamahama ana ugonjwa wa ajabu: hawezi kukaa mahali, na hawezi kuacha kupasifia alipopaacha. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, nikapita Geita, Mererani, Tunduma, hadi Chunya, na kote huko niliwachosha watu kwa habari za kwetu. Ndizi zetu. Mvua zetu. Kahawa zetu za kutafuna. Adabu zetu, hasa adabu. Niliwaambia wachimbaji wenzangu kwamba kwetu mtoto halii mbele ya mgeni, na nilisema hivyo kwa namna tunavyosema sisi Wahaya, yaani kana kwamba adabu ilizaliwa kwetu na makabila mengine yanaiazima. Wao walicheka, wakaniita profesa. Nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikaamua nirudi nikaishi katika hayo niliyokuwa nikiyasifia.

Nyumbani nilimkuta mama yangu, mdogo wangu wa kike, na binti wa mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kama mitatu. Baba wa mtoto alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa visiwani, aliyekuja na msimu akaondoka na msimu. Mtoto alikuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba, na alizoea kunifuata kibanjani, shambani kwetu, akibeba jani la mgomba kichwani kama mwavuli, hata kukiwa hakuna mvua wala jua. Aliniita mjomba kwa sauti ya mtu anayeita wanunuzi sokoni. Sauti hiyo naitaja makusudi, ili ijulikane alikuwa nayo.

Wakati huo mama alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwalimu mmoja wa Kimwani, mtu aliyefiwa na mke, alikuwa ametuma mshenga kumposa mdogo wangu. Mwalimu, mwenye nyumba ya bati na mshahara. Mama alitembea kwa hatua ndogondogo kama mtu aliyebeba mayai. Alianza kuandaa kahawa za siku ya posa mapema, maana kahawa za kutafuna haziandaliwi kwa siku moja. Unachuma buni, unazichemsha kwenye sufuria kubwa pamoja na majani yenye harufu, unaziacha zitokote muda mrefu, kisha unazianika hadi zikauke. Mgeni anapewa chache kwenye kikapu kidogo, anatafuna, anaanza kusema alichokuja kusema. Bila hizo, kwetu hujamkaribisha mtu. Umemfungulia mlango tu.

Sufuria lilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, linatokota. Ndipo mshenga na wazee wawili wakatokea bila taarifa. Walisema wanapita tu. Watu wa namna hii huwa wanapita tu. Wanataka kuona nyumba kabla haijafagiliwa. Mama akatoka mbio kuwapokea. Mdogo wangu akakimbilia chumbani kubadilisha nguo. Mtoto aliambiwa akae jikoni asionekane, kwa sababu mtoto wa mfanyabiashara wa dagaa si kitu cha kumwonyesha mshenga siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa sebuleni, nikiwasimulia wazee habari za dhahabu. Tukasikia kilio kimoja. Kilianza kwa nguvu kikakatika katikati, kama redio iliyozimwa. Mama alinyanyuka, akaenda, akarudi baada ya muda akiwa na uso uleule aliotoka nao, akasema mtoto ameteleza. Mzee mmoja akasema pole. Tukaendelea na dhahabu.

Mtoto alikuwa amelivuta jani la mgomba lililofunika sufuria, na sufuria likaja nalo. Maji yalimpata mkono wa kulia, kuanzia begani hadi chini ya kiwiko, na sehemu ya kifua. Nampa mama haki yake: alimmwagia maji baridi, mengi, na hakumpaka unga wala dawa ya meno wala mafuta ya kula, kama ambavyo jirani alishauri baadaye. Lakini pamoja na maji alimpa maneno, yale tuliyopewa sisi sote tulipokuwa wadogo. "Leka kulila," alimwambia. "Abagenyi." Acha kulia, kuna wageni. Na mtoto akaacha. Alikaa jikoni mapajani mwa mama yake akitetemeka, na mama yake, mdogo wangu, akiwa amevaa gauni la kupendeza, naye akitetemeka, mpaka wazee walipomaliza kupita tu.

Mama alimsifia. Njia nzima ya kwenda Bukoba, ndani ya gari tuliloazima kwa jirani, alirudia kwamba mtoto yule ana damu ya kwetu.

*

Hospitali iliyotupokea sitaitaja, na wala haina haja, kwa sababu niliyoyaona humo nimeshayaona kwingine, ila kwingine hawakuyafanya kwa majivuno. Ilikuwa na bustani nzuri. Kuta zilipakwa rangi ya bluu hadi kifuani na nyeupe kwenda juu. Kulikuwa na daktari kijana, mtu wa kwetu, aliyekuwa akisema sentensi kwa Kiingereza kisha anatutafsiria kwa upole, kama mtu anayemkatia mtoto nyama. Alituambia jambo moja la maana, na nalishika hadi leo: kidonda kiko kwenye kiwiko, na ngozi ya kiwiko ikipona mkono ukiwa umekunjwa, mkono utabaki umekunjwa. Kwa hiyo kila kidonda kikisafishwa, mkono lazima unyooshwe. Mtoto asipokubali kunyoosha, atakuwa na mkono wa kuku maisha yake yote. Alisema hivyo, mkono wa kuku, na mdogo wangu akaangalia chini.

Chumba cha kusafishia vidonda kilikuwa mwisho wa korido. Akina mama hawakuruhusiwa kuingia. Muuguzi wa chumba hicho, mwanamke mrefu mwenye viatu vyeupe safi kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile, alieleza kwamba mama akiwepo mtoto anadeka. Kwa hiyo akina mama walikaa kwenye benchi nje ya mlango, na watoto waliosubiri zamu yao walikaa nao, wakisikiliza wenzao walioko ndani. Sijui nani alibuni utaratibu huu. Mtu akitaka kumtesa mwenzake kabla hajamgusa, sidhani kama angepata njia bora.

Lakini ndani walihitaji mikono. Bandeji inagandamana na nyama. Ikivutwa, mtoto anaruka. Lazima mtu amshike. Walitaka mwanamume, ndugu, mwenye nguvu. Siku ya kwanza niliitwa kumshika wetu. Siku iliyofuata muuguzi alitoka mlangoni, akaangalia benchi, akaona wanawake watupu, akaniambia, "Mjomba, hebu nisaidie na huyu." Alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Baada ya hapo ikawa desturi. Nilimshika mvulana wa Kamachumu aliyeungua akichezea kiberiti. Nilimshika binti aliyekatwa na panga kisigino. Sikuombwa tena, niliitwa tu, kama anavyoitwa fundi wa mabomba. Kulikuwa na kabati la dawa, lina kufuli. Kulikuwa na biskuti kwenye kopo kwa ajili ya baadaye. Ila kabla ya kuvuta bandeji, kitu pekee walichokuwa nacho ni mimi. Dawa ya maumivu ya wodi ile ilikuwa mjomba.

Nilishika hata kichanga. Kilikuwa cha miezi michache, kinatafutiwa mshipa kichwani, na sindano ilikuwa ikiingia na kutoka bila kuupata. Mama yake aliomba kupitia upenyo wa mlango angalau akinyonyeshe wakati ule. Aliambiwa asubiri. Daktari, aliyekuwa amekuja kusaidia kuutafuta huo mshipa, alinieleza bila kuulizwa kwamba watoto wa umri ule hawana kumbukumbu. Kesho hakitajua chochote. Nilifikiri juu ya hilo. Na mimi kesho yake ningeweza kusahau kwamba nimepigwa, kama ningelewa vya kutosha, lakini sijawahi kusikia mtu akiitumia kama sababu ya kupiga walevi.

Wetu ndiye alikuwa fahari ya chumba. Wengine walipiga kelele, waliuma, walijikojolea. Yeye aliingia, akalazwa mezani, akanyamaza. Bandeji ilivutwa, akanyamaza. Muuguzi alimwita shujaa. Alimwita shujaa mbele ya akina mama wa benchi, akiwaambia watoto wengine waige. Siku za mwanzo alikuwa akipewa panadol ya maji asubuhi na jioni; baada ya wiki hivi wakaiacha. Nilipouliza, muuguzi alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ya nini?" alisema. "Huyu hasikii maumivu. Si unamwona?"

Na hawakuona kwamba upande mwingine walikuwa wakimlalamikia. Kwa sababu shujaa huyuhuyu hakukubali kunyoosha mkono. Aliukunja ukagusa kifua, akaukaza kama mlango uliofungwa kwa ndani. Waliuvuta, ukarudi. Waliuvuta tena, ukarudi. Daktari akaandika, akasema ni mkaidi, akasema familia tumuandae kisaikolojia. Mdomo wake waliusifia na mkono wake waliugombeza, na katika watu wote waliosoma mle ndani hakuna aliyejiuliza kama mdomo na mkono vilikuwa vya mtoto mmoja.

Mimi nilikuwa nimemshika. Ndiyo tofauti tu. Sina elimu nyingine. Kiganja changu kilikuwa kifuani mwake, upande usioungua, na chini ya kiganja moyo wake ulikuwa ukipiga kama wa kuku aliyekamatwa. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja. Jasho lilimtoka puani. Macho hayakuniangalia mimi wala muuguzi. Yaliangalia mlango, kwa adabu, kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuondoka mezani. Nilimjua mtu anayeangalia hivyo. Nilikuwa mimi, udogoni, sebuleni kwa mama, nikiwa nimebanwa mkojo na wageni hawaondoki.

Siku hiyo nilitoka nje na kukaa na mdogo wangu kwenye nyasi. Nilimuuliza siku ya ajali mama alimwambia mtoto nini hasa. Alinieleza. Kisha nikamuuliza kama mama, anapokuja kututembelea wodini Jumapili, bado anamwambia hivyo. Akasema ndiyo, kila mara. Anamwambia sista ni mgeni mkubwa, dokta ni mgeni mkubwa zaidi, asituaibishe.

"Kaka," alisema, "nimemkataza. Anasema mimi ndiye nimeshindwa adabu, ndiyo maana nilizaa na mtu wa dagaa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto yule alikuwa bado jikoni. Wageni walikuwa hawajaondoka.

*

Kumfundisha mtu kulia ni kazi ya kipumbavu, na niliifanya kama mpumbavu. Nyuma ya hospitali kulikuwa na mteremko wa nyasi ambapo uliweza kuona ziwa, na juu yake mwewe walizunguka wakitafuta mabaki ya jikoni. Nilimbeba mtoto hadi pale. Nilimwambia kwa Kihaya kwamba wale watu waliovaa meupe si wageni. Hawakuja na posa. Hawajala kahawa yetu hata punje moja. Wako kazini, na kazi yao moja ni kusikia. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayedanganya.

Nikapiga kelele. Niliwapigia mwewe, kwa nguvu zangu zote, na mfanyakazi wa bustani akaacha kufyeka akatuangalia. Mtoto akaangalia kama kuna mtu atanigombeza. Hakuna aliyekuja. Nikapiga tena. Nikamwambia, "Lila." Lia. Akatoa sauti ndogo kama ya mlango. Nikamwambia mwewe hata hajageuka. Tulirudi pale kila jioni. Watu wa wodini wakaanza kusema kwamba yule mjomba machimbo yamemharibu, na wengine walifikiri tunaomba, wakatusalimia kilokole. Lakini ile sauti ya kuita wanunuzi ilianza kurudi, na jioni moja mwewe mmoja kweli aligeuka, au alikuwa anageuka zake, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu sufuria.

Asubuhi ya kusafishwa kidonda, kwenye korido, nilimnong'oneza. Wageni hakuna.

Tuliingia. Muuguzi akamwita shujaa wake, akaanza kulowesha bandeji. Alipoishika ncha, mtoto alifungua mdomo akalia. Nimefanya kazi karibu na mashine za kusaga mawe, najua kelele. Ile ilikuwa kelele. Na katikati yake lilikuwamo neno, neno pekee la Kiswahili alilookota kwenye lile benchi: "Inauma. Inauma."

Muuguzi alirudi nyuma hatua moja. "Leo kawaje huyu? Alikuwa mzuri."

Nikauachia mkono wa mtoto. Nilisema sitamshika mpaka apewe dawa, na dawa ifanye kazi kwanza. Sikupaza sauti. Alinijibu kwamba watoto wako wengi nje na yeye ana kazi. Nikamwambia najua, na hao nao sitawashika. Nikamkalisha mtoto mapajani, nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe muuguzi, kwa sababu kilikuwa kimoja.

Alimwita daktari. Daktari alikuja na sentensi zake. Alisema dawa kali ni hatari kwa mtoto mdogo, kwamba anaweza kuizoea, kwamba kupumua kunaweza kuwa taabu. Nilimwambia mambo ya kupumua ndiyo aliyosomea, basi akae hapa atazame akipumua. Nikamsimulia kwamba nilivunjika mkono Chunya, shimoni, mtu mzima mwenye ndevu, na kabla ya kuuvuta mfupa walinichoma sindano, nikausikia mfupa ukirudi kama unavyosikia kiti kikisogezwa chumba cha jirani.

"Mimi nilipewa sindano," nilimwambia. "Huyu mnampa biskuti."

"Mzee, wewe umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Mpaka kidato cha nne."

Akatabasamu. Ningependa kusema kwamba maneno yangu yalimgusa, lakini huo ungekuwa uongo na nimeshasema mengi mazuri ya uongo kuhusu kwetu. Kilichomgusa ni benchi. Watoto walikuwa wamejaa korido, mshikaji alikuwa amekaa kitini, akina mama walikuwa wamesogea mlangoni, na yule mama wa kichanga, wa nyumanyuma kabisa, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba na wake apewe. Daktari alitazama saa. Kisha akaenda mwenyewe kulifungua kabati, akarudi na chupa ndogo ya mofini ya kunywa, akapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, akamwekea mtoto shavuni. Dawa ilikuwapo siku zote hizo. Ilikuwa imekaa kule gizani, na kufuli lake, ikisubiri mtu apige kelele za kutosha.

Tulisubiri. Mtoto aliegemea kifua changu, macho yakawa mazito, akaanza kunieleza habari ya mwewe. Mdogo wangu aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa siku hiyo sheria zilikuwa zimeshavunjika na hakuna aliyekumbuka kuzikusanya. Bandeji ilitoka. Mtoto alikunja uso, akasema inauma kidogo, kama mtu anayetoa taarifa. Muuguzi alishika kiwiko akakivuta taratibu, na mkono ukafunguka. Si wote. Lakini ulifunguka kuliko siku zote zile za ushujaa. Daktari alikaa karibu akihesabu pumzi za mtoto. Alipumua vizuri. Hakuzoea chochote, isipokuwa kusema.

Msifikiri wodi ilibadilika. Walichojifunza ni kwamba mtoto anayepiga kelele sana apewe dawa, ili mambo yaende. Aliyenyamaza aliendelea kuwa shujaa. Nilipokuwa naondoka pale, kulikuwa na mvulana mmoja mpya, kimya kabisa, macho mlangoni, na muuguzi alikuwa akimsifia. Nilimwambia bibi yake anachoweza kufanya jioni kwenye ule mteremko. Aliniangalia kwa huruma.

*

Mkono haukupona kama ulivyozaliwa. Unanyooka karibu wote. Pale mwisho unabaki na kona ndogo. Daktari aliyaita matokeo mazuri sana, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na alipokea pongezi zetu kama mwenye mali.

Nyumbani shida ilikuwa nyingine. Mtoto alisema. Akikwaruzwa na mkeka alisema inauma. Akichanwa nywele alisema inauma. Viatu, inauma, kuogeshwa, inauma. Mengine yalikuwa hila, maana hakuna mtoto anayepewa silaha asiijaribu kwa kuku. Mdogo wangu alicheka. Mama hakucheka. Alisema nimekwenda hospitali na mtoto wa watu nikarudi na mtoto wa stendi.

Siku ya posa mwalimu wa Kimwani alikuja mwenyewe, pamoja na mshenga na wale wazee. Alikuwa ameomba amwone mtoto, kwa hiyo mara hii hakufichwa jikoni. Alikalishwa mkekani, mbele ya wote, ndani ya gauni jipya la nailoni lenye lastiki mikononi. Mama alikuwa amelichagua kwa sababu lilifunika kovu. Kikapu cha kahawa kilipita. Ndizo zilezile, zilizochemshwa upya; sikuweza kuzitia mdomoni. Wazee walianza maneno yao ya mafumbo kuhusu ng'ombe jike aliyeonekana katika boma hili, na mama alikuwa amekaa wima kama picha.

Lastiki ilikuwa juu ya kovu. Mtoto aliivuta. Akasema, taratibu, inauma. Mama, bila kugeuza shingo, midomo ikicheza kidogo tu, akasema, "Leka kulila. Abagenyi."

Mtoto aliwatazama wageni, mmoja baada ya mwingine, kwa makini, kama anayetafuta kitu walichokificha. Halafu akalia. Alilia kwa ile sauti ya mwewe, na mzee aliyekuwa kwenye fumbo la ng'ombe alipoteza ng'ombe wake.

Mdogo wangu, ambaye siku ile hakutakiwa hata kuinua macho, alinyanyuka katikati ya wanaume, akapita mbele ya miguu yao, akapiga magoti mkekani, akaikata ile lastiki kwa meno. Kovu likabaki wazi, limekunjamana, rangi ya waridi na kahawia. Mwalimu alilitazama. Akauliza kama ni moto. Mdogo wangu akasema ni kahawa. Mshenga akachukua punje nyingine kikapuni akaendelea kutafuna, na yule mzee akampata ng'ombe wake. Posa ilikubaliwa kabla ya chakula. Hizi zote zilikuwa hofu za bure, na kwa ajili ya hofu hizo mtoto alikaa mapajani mwa mama yake jikoni siku ile akimeza kilio chake mpaka mwisho.

Wageni walipoondoka, mama alinifuata uani. Alikuwa amepata mkwe mwalimu, lakini hakuwa na furaha niliyoitegemea.

"Tata," aliniambia, kama mama zetu wanavyowaita wana wao wa kiume hata wanapowafukuza, "umeniharibia mtoto. Hana haya tena. Rudi huko kwenye mashimo yako."

Nilimwambia kwamba begi limeshafungwa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelifunga asubuhi, kabla ya wageni, nilipoisikia harufu ya zile kahawa na kugundua kwamba harufu niliyokuwa nikiitamani miaka yote ndiyo inayonitia kichefuchefu.

Mdogo wangu alinisindikiza barabarani, mtoto akiwa amejifunika jani la mgomba. Basi lilikuja limejaa. Niliiona migomba pande zote mbili, wala sikumwonyesha mtu yeyote. Nilipopanda, mtoto alielewa, akatupa jani, akaanza kulia. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi pale kando wakaanza kumsihi, leka, leka, watu wanakuangalia, msafiri haliliwi. Hakuacha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa kuelekea basi, na ile kona ndogo pale mwisho.

Abiria mmoja mbele yangu aliguna, akasema mtoto gani huyu asiye na adabu. Nilisukuma kioo cha dirisha kikaenda hadi mwisho, ili nisikie vizuri.